Re: Mtoto amekataliwa kwenye utafiti wa kifafa kwa sababu hana NIN

Kutoka: Mama Salome, Bwaise
Jumatatu, saa 3 usiku

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Salome wangu ana miaka 9. Kifafa kilimwanza tukiwa bado kwetu Ulanga, Tanzania, alipokuwa na miaka 6. Mwanzoni kichwa kilikuwa kinadondoka tu kama mtu anayesinzia kanisani, hasa akiwekewa sahani ya ugali mbele yake. Baadaye ndipo akaanza kuanguka na kukakamaa. Hapa Kampala anatumia valproeti asubuhi na jioni, na kusema kweli amepata nafuu. Kliniki wakaniambia kuna utafiti wa watoto wenye kifafa, wanawapima umeme wa ubongo, ile EEG, mtoto akiwa usingizini. Kipimo bure na nauli wanarudisha.

Sharti lao ni kwamba mtoto akeshe usiku wa kuamkia kipimo ili pale kwenye mashine usingizi umchukue wenyewe. Nywele ziwe wazi, zimeoshwa, bila mafuta. Basi Jumatano jioni nilikaa naye sakafuni nikafumua misuko yote. Ilikuwa twende kilioni, mpya kabisa, haina hata wiki. Nikafumua mmoja mmoja kwa mkia wa kitana, yeye anahesabu. Usiku tukaimba, tukacheza kombolela chumbani, ilipofika saa 9 macho yanamfunga nikamtoa uani akanawe maji ya baridi.

Asubuhi tuko dirishani. Dada aliyekaa pale ananiuliza NIN ya mtoto, namba ya kitambulisho cha taifa. Nikatoa pasipoti ya Afrika Mashariki, kadi ya kliniki, barua ya LC1, mwenyekiti wa mtaa, yenye muhuri. Akasema mfumo haupokei bila NIN au AIN, ile namba ya utambulisho ya wageni, tukatafute ndipo turudi. Nikamwambia mtoto amekesha. Akamwita anayefuata.

Kwenye taksi ya kurudi, tumekwama kwenye foleni ya Wandegeya, Salome akaanguka kifafa mapajani mwangu. Nilihesabu dakika nne. Kondakta alizima redio bila kuambiwa na mtu, watu wote wakanyamaza mpaka alipotulia.

Swali langu ni moja. Mtoto wa Kitanzania anayesoma hapa kwa pasi ya mwanafunzi anapata AIN? Au pasipoti na LC1 vilitosha na mimi nimezungushwa bure? Tarehe mpya niliyopewa ni Alhamisi ijayo.

---

Kutoka: Mwalimu Otieno, Ntinda
Jumatatu, saa 4 usiku

Pole sana Mama Salome, pole na mtoto.

Hiyo hadithi ya NIN naijua mimi. Nilipohamia hapa kufundisha nilizungushwa miezi mitatu kwa sababu ya laini ya simu tu. Nikaenda na pasipoti, wakataka barua ya mwajiri. Nikaenda na barua ya mwajiri, wakataka kibali cha kazi. Kibali kilipotoka jina langu la tatu lilikuwa limeachwa, nikaanza upya. Ushauri wangu ni huu: piga nakala tatu tatu za kila kitu, na mwambie LC1 aandike kwenye barua yake namba ya pasipoti, siyo jina peke yake.

Halafu hiyo ya kudondosha kichwa ni ule ugonjwa wa Kitgum, kaskazini mwa Uganda, unaoletwa na mbu wa mtoni. Dawa yake ni Mectizan. Mpe hiyo ataacha kabisa, sioni haja ya kumtesa na utafiti.

---

Kutoka: Mzee Mbaruku, Kawempe
Jumanne, saa 12 asubuhi

> unaoletwa na mbu wa mtoni. Dawa yake ni Mectizan.

Mwalimu, ukiwa hujui, nyamaza. Nimekaa maabara miaka 31, siwezi kuyaacha haya yapite.

Siyo mbu. Ni usubi, kile kijinzi cheusi chenye mgongo wa nundu kinachozaliana kwenye maji yaendayo kasi. Ndiyo maana kwetu Tanzania hata ugonjwa wenyewe huitwa usubi. Kinamtia mtu minyoo, na minyoo mikubwa inakaa mwilini miaka kumi na zaidi. Mectizan inaua vile vijitoto vya minyoo, wazazi wao inawaacha hai. Kwa hiyo hunywi mara moja ukamaliza, unameza kila mwaka, mahali pengine mara mbili kwa mwaka. Wala haimponyi mtoto ambaye kifafa kimeshamkaa.

La pili, haukuanzia Kitgum. Ulielezwa kwanza kwetu Mahenge, miaka ya 1960, na daktari mmoja wa Kinorwe, Louise Jilek-Aall, aliyefungua kliniki ya kifafa kule milimani kwa Wapogoro. Wazee walikuwa wanamficha mgonjwa, chakula anapewa kwenye chombo chake peke yake, akianguka motoni watu wanaogopa kumshika wasiambukizwe. Yule mama akawa anawashika kwa mikono yake. Huko Acholi, upande wa Kitgum, walikuja kuuona kwa wingi watu walipokuwa makambini wakati wa vita, wakauita lucluc.

Mama Salome, usikatishe valproeti hata siku moja. Ikikatishwa ghafla kifafa kinarudi kwa kishindo.

---

Kutoka: Furaha, Katwe
Jumanne, saa 2 asubuhi

Mama Salome, pole mingi sana. Nimesoma hiyo ya taksi nikalia.

Mie natoka Ituri, Kongo. Kwetu karibu na mito kifafa iko kila kijiji, nyumba moja unakuta watoto wawili, watatu. Kaka yangu alianza na miaka 11, na mwili ukakataa kukua. Alikuwa na miaka 18 watu wanamuita mtoto. Tulipofika hapa tulipitia Kyangwali, makazi ya wakimbizi, tukapewa kitambulisho cha wakimbizi, na hicho kitambulisho ndicho kinatufungulia milango ya hospitali. Namba yake wanaiandika palepale wanapoandika NIN. Lakini wewe si mkimbizi, kwa hiyo sijui kama hii itakusaidia.

Kaka yangu hatunaye tena. Alikwenda kuchota maji peke yake. Usimuache Salome karibu na maji, wala karibu na sigiri.

---

Kutoka: Mwalimu Otieno, Ntinda
Jumanne, saa 3 asubuhi

Mzee Mbaruku, shikamoo. Nimekubali ni usubi, lakini hukuwa na sababu ya kuniambia ninyamaze mbele ya watu. Kenya neno hilo hatulitumii hivyo. Na swali la mama lilikuwa ni AIN, wewe umetupeleka Mahenge.

Nauliza kwa nia njema: kwa nini wapime usingizi? Isije ikawa wanatafuta malale. Uganda hii hii si ndiko malale iliko?

---

Kutoka: Mzee Mbaruku, Kawempe
Jumanne, saa 3 na nusu asubuhi

Malale ni kitu kingine kabisa. Hiyo inaletwa na mbung'o, na kijidudu chake kikifika kwenye ubongo kinapindua saa za mwili, mgonjwa analala mchana na usiku anarandaranda. Kweli hapa ilifanya maafa. Kati ya 1900 na 1920 Busoga na visiwa vya ziwani vilipoteza watu zaidi ya 200,000, na mwaka 1903 akina Castellani na Bruce walikuwa Entebbe wanaangalia maji ya uti wa mgongo kwa hadubini. Kwa hiyo utafiti wa usingizi na ubongo katika nchi hii una zaidi ya miaka 100. Lakini mtoto wa Mama Salome hana malale. Tusimwongezee hofu.

---

Kutoka: Nesi Amina, Bombo
Jumanne, saa 8 mchana

Asalaam aleikum jamaa. Nimetoka zamu sasa hivi. Mimi ni Mnubi wa hapa Bombo, nimefanya kazi kwenye utafiti huko Kitgum na Pader, nitasema ninachokijua.

Wanapima usingizini kwa sababu umeme mbaya wa kifafa hujitokeza zaidi mtu anaposinzia na anapolala. Mtoto akiwa macho mashine inaweza kuonyesha mistari mizuri tu, akisinzia ndipo inaruka. Kukesha kunasaidia kipimo, lakini kukesha huko huko ndiko kunakochokoza kifafa. Kwa hiyo mtoto aliyekeshwa harudishwi nyumbani hivi hivi. Alitakiwa alazwe kwenye kitanda pale, apumzike, aangaliwe, hata kama karatasi zina kasoro. Karatasi zinakaguliwa siku moja kabla, kwa simu. Hili nalisema kwa uchungu, maana nimekaa dirisha kama lile na najua linawezekana.

Wengine mnasema utafiti wa nini. Mwaka 2012 serikali ilikuwa inahesabu watoto kama 3,000 wenye lucluc kaskazini, na hakuna aliyejua ni nini. Ni kwa utafiti tuliweza kuona kwamba ubongo wa watoto hawa unasinyaa kwenye picha za MRI. Mwaka 2018 ukachapishwa uchunguzi wa ubongo wa 5 waliofariki, wakakuta protini ya tau imejikusanya, ile wanayoiona kwa wazee waliopoteza kumbukumbu. Mtoto! Wengine wakakuta kingamwili ambazo mwili unazitengeneza kupigana na mnyoo, kumbe zinashika na seli za ubongo. Ndipo Makerere wakajaribu doksisaiklini, miligramu 100 kila siku kwa wiki 6, kwa wagonjwa 240 wa miaka 8 na kuendelea. Dawa hiyo inaua bakteria anayeishi ndani ya mnyoo, na mnyoo mkubwa bila huyo bakteria hadumu. Matokeo yalitoka 2024: kingamwili walizozilenga hazikupungua. Bado tunatafuta. Lakini baada ya Mectizan kutolewa mara mbili kwa mwaka na mito kutiwa dawa ya kuua viluwiluwi vya usubi, watoto wapya wanaoshikwa na lucluc kule karibu hawapo tena. Nimekaa Pader mwaka mzima bila kusajili mpya hata mmoja. Hilo nililishukuru kwa Mungu.

Sasa Mama Salome, niambie. Fomu ya ridhaa walikupa? Ilikuwa ya lugha gani? Salome ana miaka 9, na kwa taratibu za hapa mtoto wa miaka 8 na zaidi anaulizwa na yeye mwenyewe kama anakubali. Walimuuliza?

---

Kutoka: Mama Salome, Bwaise
Jumanne, saa 1 usiku

Nesi Amina, Mungu akubariki. Fomu nilipewa mbili, ya Kiingereza na ya Kiganda. Niliomba ya Kiswahili, hawana. Kijana mmoja akanieleza kwa Kiganda na mikono. Nilielewa kipimo, nikaelewa nauli. Kuna mahali palikuwa na damu, sikuelewa itapelekwa wapi. Niliweka saini kwa sababu nilitaka mtoto apimwe.

Salome hawakumuuliza. Nilimuuliza mimi nyumbani. Aliuliza kama zile waya zinachoma.

---

Kutoka: Mwalimu Otieno, Ntinda
Jumanne, saa 2 usiku

Hapo ndipo damu inanichemka. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu katiba iliporekebishwa 2005. Mwaka 2022 baraza la mawaziri likapitisha tena kwamba kifundishwe shuleni. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lina umri tangu 2010. Halafu mama wa Ulanga anaelezwa damu ya mtoto wake kwa mikono! Tuandike barua ya pamoja. Mimi nitaiandika.

---

Kutoka: Mzee Mbaruku, Kawempe
Jumanne, saa 2 na robo usiku

Barua andika, nitatia saini. Lakini uelewe na wenyeji. Nilifika hapa watu wazima bado wanashtuka ukiwasemesha Kiswahili, kwa sababu walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani kwa askari wenye bunduki. Jirani yangu mama wa Kiganda alichukua miaka minne kuniitikia habari za asubuhi. Siku hizi ananitumia wajukuu wake niwafundishe.

Mama Salome, unatoka upande gani wa Ulanga? Mimi marehemu mama yangu ni wa Mahenge mjini. Nakumbuka tunavuka Kilombero kwa kivuko, kabla ya daraja, viboko wanapumua pembeni, na upande wa Ifakara kinamama wanauza wali kwa samaki wa mto, mchele unanukia hadi majini. Hapa mchele upo, lakini ule haupo.

---

Kutoka: Nesi Amina, Bombo
Jumanne, saa 3 usiku

Jamani, fomu kwanza.

Mama, angalia ukurasa wa mwisho wa nakala yako. Pana muhuri wa kamati ya maadili, REC, wenye tarehe, na chini yake namba ya simu ya mwenyekiti wa kamati. Ile namba imewekwa kwa ajili yako. Piga, sema mambo matatu: mtoto alikeshwa akarudishwa, fomu haikuwa ya lugha unayoielewa, hukuelezwa damu inakwenda wapi. Huwapotezei muda, ndiyo kazi yao. Na hata ukiwa umeshasaini unaweza kujitoa, matibabu ya kliniki hayaguswi.

Kifafa kikija tena: mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, tazama saa. Kikipita dakika 5, hospitali.

---

Kutoka: Furaha, Katwe
Jumatano, saa 1 asubuhi

Mie najua Kiganda na Kiingereza kidogo. Mama Salome, hiyo Alhamisi nitakuja na wewe, nikusomee kila karatasi. Naacha duka kwa shemeji. Uniambie tu stage gani tukutane.

---

Kutoka: Msimamizi wa orodha
Jumatano, saa 4 asubuhi

Ndugu, mada ya barua ya Kiswahili ifunguliwe yake. Hapa tuna swali la AIN kwa mtoto mwenye pasi ya mwanafunzi. Kuna mzazi yeyote aliyemtolea mwanawe?

---

Kutoka: Mwalimu Otieno, Ntinda
Jumatano, saa 5 asubuhi

Mimi yangu ilitoka kwa kibali cha kazi, si pasi ya mwanafunzi. Ya mtoto sijui. Rasimu ya barua naileta jioni.

---

Kutoka: Mama Salome, Bwaise
Jumapili, saa 2 usiku

Asanteni wote. Nimepiga ile namba. Mama mmoja aliipokea, akanisikiliza mpaka mwisho, akaandika jina la Salome, akasema atanipigia. Bado hajapiga. Dada Furaha tutakutana stage ya Bwaise saa 1 asubuhi.

Salome leo amekula vizuri, kichwa kimedondoka mara moja tu. Ameniuliza kama akimaliza kupimwa nitamsuka tena ile ile, nimemwambia ndiyo.

Mwenye kujua hiyo AIN ya mtoto aniandikie kabla ya Jumatano jioni. Jumatano jioni ndiyo naanza kumkesha tena.