Msitu wa mvua kwa mara ya kwanza: Udzungwa, Nyungwe au Kibale?

Kijana_wa_Moro: Wakuu habari zenu. Mwezi wa nane nina likizo siku saba, nataka kwenda na mama yangu (miaka 61, analima mwenyewe, miguu iko vizuri) na mdogo wangu wa fom foo. Mikumi tumeshapita mara kibao, sasa mama anataka msitu, ule mnene wenyewe ambao jua halifiki chini. Nimebaki na tatu, Udzungwa hapa nyumbani, Nyungwe ya Rwanda na Kibale ya Uganda. Aliyefika anisaidie, nataka kujua nini unaona kweli ukiwa pale.

MtuWaMangula: Mkuu mi nimezaliwa Mang'ula, geti liko palepale kwetu. Udzungwa hamna barabara ya gari ndani, ni miguu tu, hiyo ndo raha yake. Maporomoko ya Sanje yanashuka mita 170 hivi kwa hatua, mzunguko ni kama masaa manne, kule juu kuna bwawa mnaoga na ukigeuka unaona miwa yote ya Kilombero imelala chini yako. Mbega wekundu utawaona hata palepale karibu na geti, na hao wanapatikana pande zetu hizi peke yake dunia nzima. Halafu kuna ng'olaga, wanasayansi walimjua 1979 wakasema wamegundua nyani mpya wakampa jina la Sanje, wakati wazee wetu walikuwa na jina lake siku zote.

Dada_Kampala: Mimi ni Mtanzania naishi Kampala, Kibale nimeenda mara mbili. Kama mama anataka kuona sokwe usihangaike kwingine. Wanakadiriwa 1,500 hivi, mnaanzia kituo cha wageni cha Kanyanchu na askari wa hifadhi, mkiwapata mnakaa nao saa moja. Kabla hujawaona unawasikia, wanapiga kelele na kugonga mizizi ya miti mpaka kifua kinatikisika, mi nililia kabisa siku ya kwanza na sioni aibu kusema. Aina za nyani na jamaa zao ni 13 msitu mmoja. Ila suruali chomeka ndani ya soksi, siafu wa kule hawana utani. Na msiondoke bila kupita kinamasi cha Bigodi, kinaendeshwa na wanakijiji wenyewe na hela yake imejenga sekondari.

Mwana_Bukavu: Mimi niko Bukavu, Nyungwe kwetu ni mlangoni, unavuka mto Rusizi kama saa moja uko ndani. Kuna daraja la chuma linaning'inia juu ya miti pale kituo cha Uwinka, toka mwanzo hadi mwisho ni mita 160 hivi, unatembea sawa na vichwa vya miti ndege wanapita chini yako. Mbega wa kule wanatembea kwa mamia kundi moja. UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia 2023. Lakini baridi ndugu, kule ni juu sana, mama abebe sweta zito. Na tembo usitafute, wa mwisho aliuawa na majangili 1999. Kila nikipita kinamasi cha Kamiranzovu namkumbuka yule mnyama, alikuwa amebaki peke yake.

Kijana_wa_Moro: Asanteni sana. @MtuWaMangula kwenu tembo bado wapo?

MtuWaMangula: Wapo mkuu, ila ndani ya msitu utaona zaidi kinyesi na miti iliyovunjwa kuliko tembo mwenyewe. Huo ndo ukweli wa msitu, macho yanaona kidogo, masikio yanafanya kazi kubwa, sasa mama akija na matarajio ya Mikumi atarudi amenuna. Mwambie mapema. Kuokota kuni humo tumekatazwa tangu 2011 na kuna wazee bado inawauma, na wana haki ya kuumia maana walizoea miaka yote, lakini maji tunayokunywa yanatoka kule juu kwahiyo mi nasema ule msitu ubaki.

Dada_Kampala: Kwa siku saba na watu watatu Kibale itawachosha, njiani tu mtamaliza siku nne kwa basi. Nenda Udzungwa sasa, Kibale weka hela taratibu uje mwakani, kibali cha sokwe ukate mapema na mbebe vitambulisho, raia wa Afrika Mashariki bei yetu ni nafuu kuliko ya wageni.

Kijana_wa_Moro: Basi Udzungwa. Mama nimemsomea hii ya ng'olaga amecheka sana, anauliza tuanze saa ngapi.

MtuWaMangula: Saa moja asubuhi muwe getini, kabla joto halijapanda. Viatu viwe vya kushika chini maana njia ya Sanje ina mizizi na mawe yenye maji, raba zilizolika soli hapana. Mama akatiwe fimbo, na mwombeni muongozaji aende kwa mwendo wa mama, sio wa mdogo wako.