Nimepewa rasimu ya mkakati wa huduma za watoto na vijana nitoe maoni. Nianzie wapi?

Mama wa Watatu

Habari zenu wadau. Naombeni mawazo yenu, nimebakiwa na siku tisa.

Mimi ni mwakilishi wa wazazi kwenye kamati inayopitia rasimu ya mkakati wa huduma za watoto na vijana wa eneo letu. Si mtaalamu. Rasimu ina kurasa 64 na nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi, maana kila kitu kimo: afya, elimu, ulinzi wa mtoto, stadi za kazi, michezo. Mara ya pili nikamtafuta humo mtoto wa dada yangu, nikamkosa.

Kijana huyo nimemlea mimi. Ana kisukari aina ya kwanza tangu akiwa na miaka 9. Kliniki ya watoto walimjua kwa jina, na kulikuwa na muuguzi aliyekuwa akinipigia simu kila tukikosa tarehe. Alipotimiza miaka 18 akapewa barua na nakala ya faili, akaambiwa sasa ni wa kliniki ya watu wazima. Hakwenda. Alikuwa akinidanganya tu: "Nimekwenda, mama." Akawa anajidunga insulini kwa kukisia. Miezi saba hakuna aliyeuliza, kwa sababu upande mmoja walishamfuta kwenye daftari na upande wa pili hawakuwahi kumwandika. Siku moja tulimkuta chumbani hajitambui. Alilala siku tatu kwa wagonjwa mahututi. Alipona, namshukuru Mungu.

Sasa kwenye rasimu kuna sura ya watoto, 0 hadi 17, na sura ya vijana, 15 hadi 24. Zimeandikwa na idara mbili. Kwa hesabu ya makaratasi, mwenye miaka 16 anahudumiwa mara mbili! Nataka kulisema hili kikaoni lakini sijui niliseme vipi lisikike kama hoja, lisionekane ni uchungu wangu wa nyumbani. Waliowahi kukaa kwenye kazi hizi, nisaidieni.

Mstaafu wa Ustawi

Pole sana dada. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka 27, na hayo uliyoyaeleza nimeyaona kwa watoto wengi, si wa kisukari peke yao. Uchungu wako ndio hoja yenyewe, usiufiche.

Huo mgongano wa umri una asili yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unamhesabu mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18. Umoja wa Mataifa kwenye takwimu zake kijana ni wa 15 hadi 24. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006 unakwenda mpaka 35. Kila idara inachukua kipimo chake, na wa miaka 15, 16 na 17 anakuwa na wenyewe wawili, kila mmoja akidhani yuko kwa mwenzake.

Fanya hivi. Chukua karatasi, mbuni mtoto mmoja, halafu umpitishe kwenye rasimu mwaka hadi mwaka: ana 12, ana 14, ana 16, ametimiza 18, ana 20. Kila umri iulize rasimu maswali mawili. Leo jina lake liko kwenye orodha ya nani? Asipofika, nani anapaswa kujua, na ndani ya siku ngapi? Pale ambapo rasimu inanyamaza, weka alama nyekundu. Nakuhakikishia utaziona nyingi kati ya 16 na 20. Karatasi hiyo moja peleka kikaoni. Niliwahi kukaa kwenye kamati za namna hiyo, na hotuba ndefu za wajumbe zilikuwa zinasahaulika kabla ya chai.

Nikueleze langu. Kulikuwa na binti aliyekulia kwenye makao ya watoto. Mpango wake wa kuondoka tuliuandika wiki ileile aliyotimiza 18, na mwenye kalamu nilikuwa mimi. Uliandikwa kwamba atapata makazi na mafunzo ya ushonaji. Makazi yalikuwa ya idara nyingine, mafunzo ya idara ya tatu, na hakuna hata moja niliyokuwa nimeiuliza. Aliondoka na begi moja. Hilo silisahau. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 kuhusu malezi mbadala, yaani ya watoto wasiolelewa na wazazi wao, inataka maandalizi ya kuondoka yaanze mapema, muda mrefu kabla mtoto hajatoka, nami nilikuja kuisoma kwa makini baada ya binti yule.

Wakikuambia hili ni gharama bila faida, watajie Marekani. Watafiti waliwafuatilia vijana waliotoka kwenye malezi ya serikali katika majimbo matatu. Illinois iliwaruhusu wabaki hadi miaka 21, wakati Iowa na Wisconsin kwa kawaida ziliwaachia wakifika 18. Wa Illinois walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuingia chuo. Mwaka 2008 ikapitishwa sheria ya shirikisho inayoyapa majimbo fedha yakiamua kuwahudumia hadi 21.

Kwa upande wa afya, huko Uingereza taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya huduma za afya, ilitoa mwongozo mwaka 2016 unaomgusa kijana wako moja kwa moja. Maandalizi ya kuhama yaanze mtoto akiwa na miaka 13 au 14. Awepo mtu mmoja anayejulikana kwa jina, anayemshika mkono angalau miezi sita kabla ya kuhama na miezi sita baada yake. Asipotokea kwenye kliniki mpya, atafutwe.

Angalia pia kitenzi kilichotumika kwenye rasimu. Kama wameandika mtoto "atahamishwa", omba waandike "atakabidhiwa". Huwezi kukabidhi kitu bila mtu wa pili kunyoosha mkono apokee.

Kijana Mtaa wa Pili

Mama, mimi nina miaka 22. Nikiwa na 16 niliwekwa kwenye baraza la vijana la eneo letu kwa ajili ya mkakati kama huo. Tuliitwa mara nne. Tulisema kituo cha ushauri nasaha kinafungwa saa ileile tunayotoka shuleni, kwa hiyo hakuna mwanafunzi anayeweza kwenda bila kutoroka kipindi. Walitupigia makofi. Mkakati ulipotoka una picha yetu ukurasa wa mbele, na saa za kituo hazikutajwa popote.

Kilichoniuma hasa ni kwamba hakuna aliyerudi kutuambia kwa nini. Pengine walikuwa na sababu. Tungeielewa.

Baadaye nilisoma kuhusu ngazi ya ushiriki wa watoto aliyoichora mtafiti Roger Hart mwaka 1992. Ina vidato nane, na cha pili kutoka chini anakiita mapambo. Nilijiona pale kabisa. Mtafiti mwingine, Laura Lundy, naye aliandika mwaka 2007 kwamba sauti peke yake haitoshi: mtoto apewe nafasi, asaidiwe kusema, awepo wa kumsikiliza, na maneno yake yawe na uzito kwenye uamuzi. Sisi tulipewa viwili vya kwanza.

Uliza kama rasimu ina sehemu ya kuwarudishia vijana majibu: mlisema hivi, tumefanya hivi, hili tumeshindwa kwa sababu hii. Na uliza nani hakuwepo ukumbini. Kwetu tulikuwa wanafunzi watupu. Walioacha shule, wanaofanya kazi mchana, na yule rafiki yetu kiziwi, hakuna aliyeitwa.

Hesabu Zangu

Nakubaliana na wote, ila msisahau sura ya viashiria, yaani vipimo vya kuonyesha kama mkakati umefanikiwa. Huko ndiko mkakati unakoamua utafanya nini kweli. Nina hakika utakuta "idadi ya vijana waliofikiwa". Hiyo ni hesabu ya saini kwenye karatasi ya mahudhurio. Mtoto wa dada yako angehesabiwa amefikiwa siku alipopewa barua.

Omba kiashiria kimoja tu: kati ya waliotoka kliniki ya watoto mwaka huo, wangapi walionwa na kliniki ya watu wazima ndani ya miezi mitatu. Hakihitaji utafiti, kinahitaji madaftari mawili kusomwa pamoja.

Na takwimu zirudi kwa jamii upesi. Iceland walijenga kinga yao ya ulevi kwa vijana juu ya jambo hilo: wanafunzi wanaulizwa mara kwa mara, majibu yanarudi kwa shule na wazazi wa eneo husika, nao wanaamua wafanye nini. Mwaka 1998 asilimia 42 ya wenye miaka 15 na 16 walisema walilewa mwezi uliotangulia. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 5. Ni nchi ya watu wasiofika 400,000, sisemi mnakili kila kitu. Ila kasi ile ya kurudisha majibu inawezekana popote.

Mama wa Watatu

Nimesoma yote usiku na nimelia kidogo. Jana nilimpa kijana mwenyewe rasimu na kalamu nyekundu. Alifika ukurasa wa 31, kwenye "vijana watahamasishwa kutumia huduma", akaniambia, "Mimi sikukosa hamasa, mama. Niliingia siku ya kwanza nikakaa kwenye benchi na wazee, hakuna aliyejua naitwa nani, nikatoka." Kumbe alikwenda! Mwaka mzima sikulijua hilo.

Nimeandika hivi, nirekebisheni: "Mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu atakabidhiwa kliniki ya watu wazima kwa mahudhurio mawili ya pamoja kabla ya kutimiza miaka 18. Asipofika tarehe ya kwanza peke yake, wahusika watahakikisha anafuatiliwa ndani ya siku saba."

Mstaafu wa Ustawi

Nzuri sana. Futa "wahusika watahakikisha". Andika cheo: muuguzi wa kliniki ya watoto aliyemkabidhi ndiye atakayepiga simu, na jina la kijana halifutwi kwenye daftari lake mpaka wa upande wa pili atie saini kwamba amempokea.