Tupeane uzoefu: Mtoto akiandika jambo mtandaoni akiwa nyumbani, shule ina haki ya kumwadhibu?

Mama wa Mtopanga

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Wazazi na walimu wa Mombasa, naomba tupeane uzoefu, kwa kuwa jambo hili limenikaa rohoni mwezi mzima.

Mwanangu yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa. Siku moja alirudi na mkebe wake wa chakula, ndani mna githeri ya shule, mahindi na maharagwe, ambayo hakuila. Akaufungua juu ya meza yangu, akapiga picha, akaiweka kwenye stetasi na kuandika: "Hii ndiyo tunayolipia." Fukusi walikuwa wanaelea juu ya mchuzi. Niliwaona kwa macho yangu.

Jumamosi jioni nikiwa nakaanga viazi karai nje ya mlango, simu ikalia. Naibu mwalimu mkuu. "Mama, Jumatatu uje na kijana wako kabla ya paredi." Akakata.

Jumatatu tukaketishwa. Ile picha ilikuwa imechapishwa kwenye karatasi, iko juu ya faili. Na kilichonichoma si fukusi. Nilikiona kitambaa changu cha meza, kile cha maua ya manjano nilichonunua Kongowea, kiko ofisini kwa naibu kama ushahidi. Nikahisi nyumba yangu imeingiliwa. Tukaambiwa ameharibu jina la shule, asimamishwe wiki mbili. Hakuna aliyemwuliza mtoto lolote. Hakuna aliyeuliza kama githeri kweli ilikuwa na wadudu.

Mimi sisemi mtoto wangu ni malaika. Angeweza kuja kwangu kwanza, tukaenda pamoja kwa mwalimu mkuu. Lakini naomba kujua: yaliyowapata nyinyi ni yapi, na mpaka uko wapi?

Baba wa Magongo

Mama, pole. Langu ni kinyume cha lako, na bado ni lile lile.

Binti yangu alikuwa kidato cha pili. Jumapili usiku wenzake walichukua uso wake kwenye picha ya Idi, wakaubandika kwenye mwili wa mwanamke aliye uchi, wakaitupa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Watoto zaidi ya thelathini. Yeye mwenyewe hakuwa kwenye kundi. Alijua Jumatatu alipoingia darasani, wote wakanyamaza, halafu mmoja akacheka.

Hakutuambia. Tuliona tu kwamba kila Jumatatu anaumwa tumbo. Mama yake akampeleka zahanati mara mbili, tukapewa dawa za minyoo. Mara ya tatu ndipo mtoto wa jirani alipotuonyesha picha.

Nilikwenda shuleni nikiwa nimeichapisha. Nikajibiwa kwa upole kabisa: "Mzee, hili limetokea nyumbani, usiku, kwenye simu za wazazi. Mamlaka yetu yanaishia getini." Nikamwambia mwalimu, picha ilitumwa usiku, sawa, lakini dawati analokalia pamoja na walioituma liko humu ndani. Hakuwa na jibu.

Sikutaka watoto wa miaka 15 walale kituoni, ijapokuwa niliambiwa ile Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2018 inagusa mambo haya. Nilitaka waitwe na wazazi wao, picha ifutwe mbele yetu, na binti yangu ahamishwe dawati. Basi. Nikaishia kumhamisha shule, sare mpya na kila kitu.

Kwa hiyo nikisoma habari yako, Mama, najiuliza: mbona kwa githeri mkono wa shule ulifika hadi mezani kwako?

Mwalimu, Likoni

Naomba niseme kama mtu aliyekaa kamati ya nidhamu miaka 19.

Wazazi mtuelewe. Ugomvi wa Jumatatu asubuhi pale stejini mara nyingi ulianza Jumapili usiku kwenye simu. Watoto wanakuja shuleni wakiwa wameshatukanana saa nne nzima, mimi nawapokea getini wakiwa tayari wamevimba. Hatuwezi kusema hatuoni. Niliwahi kuwaita wasichana wawili na mama zao, na mwalimu wa ushauri nasaha. Simu zikawekwa mezani, kila mmoja akasoma kwa sauti alichomwandikia mwenzake. Wa kwanza alifika mstari wa tatu akashindwa kuendelea. Viboko havikuhitajika, na tangu 2001 havikubaliki kisheria, ingawa nyote mnajua vimechelewa kuondoka.

Lakini lipo langu pia. Mvulana mmoja aliigiza mwendo wa mwalimu mwenzetu, akaurekodi akiwa kwao, ukasambaa. Mwenzetu aliumia, nasi tukaumia naye. Yule mvulana tulimtuma nyumbani "hadi atakapoitwa". Barua niliiandika mimi. Hakuitwa. Muhula ukaisha, hakuna aliyekumbuka faili lake, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopaswa kukumbuka. Leo anasukuma mkokoteni sokoni. Tukikutana hunipa shikamoo ya heshima kabisa, na mimi hushindwa kumtazama usoni.

Baba wa Magongo, mwenzangu aliyekujibu hivyo alikosea. Nakuomba radhi kwa niaba ya kazi hii.

Mzee wa Majengo

Mnasahau sare. Mtoto akirekodi video pale ufukweni Mama Ngina anavuta sigara ya umeme, amevaa sare na nembo inaonekana, shule ifanye nini, inyamaze? Sare si nguo ya mtoto peke yake. Zamani mzee yeyote akikukuta unakosea njiani angekurudi, na nyumbani ungeongezwa. Mtoto alikuwa wa mtaa mzima. Shule iwe na neno, nasema hivyo bila kuogopa.

Mama wa Mtopanga

Mzee wangu, shikamoo. Sikupingi kuhusu sare. Lakini yule mzee wa njiani alikuwa anamwonea mtoto uchungu. Mimi Jumatatu ile sikuona mtu aliyemwonea mwanangu uchungu.

Mwanafunzi wa sheria, Tudor

Niongeze la kisheria, mtalitumia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, inayohusu hata sekondari, kifungu cha 35, haimruhusu mtoto kufukuzwa mpaka njia nyingine zote za kumrekebisha zimeshindikana, na mpaka yeye na mzazi wake wamepewa nafasi ya kusikilizwa. Kifungu cha 36 kinakataza adhabu ya kumdhalilisha mtoto, mwilini hata kiakili. Na Ibara ya 47 ya Katiba inakupa haki ya sababu kwa maandishi uamuzi unapokuumiza. Mama, uliza barua. Mwalimu, ile "hadi atakapoitwa" ndiyo hatari yenyewe.

Swali hili hili liliwafikia Wamarekani. Mwaka 2017, msichana wa miaka 14 huko Pennsylvania alikosa nafasi kwenye timu kubwa ya washangiliaji. Jumamosi, akiwa dukani, akatuma kwenye Snapchat picha ya kidole cha kati na matusi kwa shule na timu. Akatolewa hata kwenye timu ndogo, mwaka mzima. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Juu, na Juni 2021 majaji 8 kwa 1 wakampa haki yeye. Jaji Stephen Breyer alieleza kwamba nje ya shule mtoto kwa kawaida yuko chini ya mzazi, na shule ikidhibiti maneno yake ya shuleni na ya nyumbani, mtoto atakuwa hana pa kusemea kabisa. Lakini hawakuifunga shule mikono: uonevu mkali unaomlenga mwanafunzi fulani, au vitisho kwa walimu na wanafunzi, shule bado inaweza kuvishughulikia.

Hukumu hiyo haitufungi sisi. Ila ukiisoma, githeri iko upande mmoja na picha ya yule binti iko upande mwingine.

Na shule nazo zijiangalie. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza shule moja hapa Kenya faini ya Sh4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Kijana wa Bamburi

Sijawahi kuandika jambo hili popote. Mimi nilikuwa kwenye kundi kama hilo la binti wa Baba wa Magongo, shule nyingine. Sikuitengeneza picha. Niliifowadi tu, kwa watu wawili, nikiwa kitandani. Msichana aliacha shule. Mwalimu wa darasa alijua, akasema si ya shule. Ningeitwa siku ile nikaambiwa nimtazame yule msichana, nisingekuwa nalikumbuka hivi leo nikiwa na miaka 24.

Mama wa Mtopanga

Nimewasoma wote, na wewe kijana nimekusoma mara mbili. Mungu akupe wepesi.

Langu limekaa hivi. Nimeandika barua kwa bodi ya shule, nakala kwa naibu, nikiomba sababu kwa maandishi na mwanangu asikilizwe hata kama adhabu ameshaimaliza. Sijaomba samahani kwa picha. Nimeandika pia kwamba siku shule itakapomwita kwa kumwonea mwenzake mtandaoni, nitakuja mwenyewe na simu yake mkononi, saa yoyote. Mwanangu ameisoma barua, akaniomba nimwachie nafasi chini atie sahihi yake. Nimemwachia.

Anasema mpishi siku hizi anapepeta maharagwe nje, pale penye mwangaza.

Baba wa Magongo, binti yuko kidato gani sasa?

Baba wa Magongo

Cha nne. Bado hapigwi picha, hata Idi iliyopita alijitenga. Lakini Jumatatu hii alipanda matatu peke yake.

Mama wa Mtopanga

Alhamdulillah. Mpe salamu zangu.