Georges Vézina: mechi 327 au 328? Na zile habari za watoto 22

Mwamba_wa_Lango ameuliza:

Wakuu, salaam. Nafuatilia historia ya magongo ya barafuni na nimekwama kwa Georges Vézina, kipa wa Montreal Canadiens kuanzia 1910 hadi 1925. Kuna wanaoandika kwamba hakukosa mechi 327 mfululizo, wengine 328. Pili, kila mahali nakutana na habari kwamba alikuwa na watoto 22. Tatu, na hili ndilo linanisumbua zaidi: wastani wake wa kufungwa katika NHL (ligi kuu ya magongo ya barafuni Amerika Kaskazini) ni mabao 3.28 kwa mechi, wakati George Hainsworth, aliyerithi lango lake, msimu wa 1928-29 alifungwa wastani wa 0.92. Inakuwaje tuzo ya makipa ikabeba jina la Vézina? Mwenye ufahamu anisaidie.

Hesabu_za_Barafu amejibu:

Namba zote mbili zina msingi, mkuu. Tatizo ni mechi ya mwisho, unaihesabu au huihesabu.

Katika NHA, ligi iliyotangulia NHL, Canadiens walicheza mechi 16 msimu wa 1910-11, kisha 18, 20, 20, 20, 24 na 20. Jumla 138. Zikaja za NHL: 21 msimu wa 1917-18, halafu 18, misimu mitano ya mechi 24, na 30 mwaka 1924-25. Hizo ni 189. Ukijumlisha na zile 138 unapata 327, zote akizimaliza langoni. Ya 328 ni ya tarehe 28 Novemba 1925, ambayo aliianza lakini hakuimaliza. Mechi za mtoano ni hesabu nyingine, usizichanganye humo.

Angalizo moja kwa anayekokotoa mwenyewe: jedwali la 1917-18 linawapa Canadiens mechi 22, si 21. Moja ni ushindi wa mezani, kwa sababu Montreal Wanderers walijitoa baada ya uwanja wao kuungua Januari 1918. Hakuna aliyekanyaga barafu siku hiyo. Wengi hukosea hapo.

Kipa_Wima amejibu:

Nianze na lile la wastani, maana namba 3.28 ikiachwa peke yake inamwonea huyu mtu.

NHL ilipoanza Desemba 1917, kipa alikatazwa kujiangusha au kupiga magoti ili kuzuia kisahani (puck, kinachopigwa badala ya mpira). Faini ilikuwa dola 2. Clint Benedict wa Ottawa alikuwa akianguka kila mara na kusema ameteleza tu, na tarehe 9 Januari 1918 katazo hilo likaondolewa. Vézina alikuwa ameshaijua kazi akiwa wima, na hata baada ya ruhusa aliendelea kudaka akiwa wima.

Lango lina upana wa sentimita 183 na kimo cha 122. Kisahani ni raba ngumu yenye unene wa sentimita 2.5, kipenyo 7.6, uzito kama gramu 170, na uso wa kipa haukuwa na kinga yoyote. Aliyesimama huziba chini kwa gongo pana na miguu iliyofungwa pedi, na kazi kubwa inabaki kuwa ya pembe. Akisogea hatua moja mbele kumfuata mpigaji, sehemu ya lango inayoonekana inapungua. Akisogea mno, pasi ya pembeni inamwacha lango likiwa tupu nyuma yake. Zamani pasi ya mbele ilikuwa marufuku. NHL iliiruhusu msimu wa 1918-19, tena eneo la katikati peke yake. Kwa hiyo mshambuliaji alikuja na kisahani mwenyewe gongoni, na kipa mtulivu alipata nafasi ya kumsoma. Hapo ndipo Vézina alipokuwa hodari, na utulivu huo ndio uliompa jina la Tango wa Chicoutimi (mji wa kwao), kwa kufananishwa na ubaridi wa tango.

Mabao mengi yalikuja kwa sababu nyingine: timu zilikuwa na wachezaji wachache, wengi wakicheza karibu dakika zote 60, na dakika za mwisho miguu ilikuwa imekwisha. Ndiyo maana wastani wake wa 3.93 mwaka 1917-18 ulikuwa bora kuliko wa kipa mwingine yeyote wa ligi. Mpime na wenzake wa msimu uleule: aliongoza tena 1923-24 kwa 1.97 na 1924-25 kwa 1.81. Yeye pia ndiye kipa wa kwanza wa NHL kumaliza mechi bila kufungwa, Canadiens 9, Toronto 0, tarehe 18 Februari 1918. Ligi ilikuwa na umri wa miezi miwili.

Kuhusu Hainsworth, mwaka 1928-29 mabeki walikuwa na ruhusa ya kutoka nyuma kwa pasi ya mbele, lakini karibu na lango la adui ilikatazwa. Hainsworth alimaliza mechi 22 kati ya 44 bila kufungwa. Msimu uliofuata pasi ikaruhusiwa kote, mabao yakaongezeka maradufu, na yeye mwenyewe akavuka wastani wa 2.

Binti_Saguenay amejibu:

Watoto walikuwa wawili. Hao 22 ni maneno ya Léo Dandurand, meneja wa Canadiens, kwa waandishi, eti wakiwemo mapacha watatu-watatu mara tatu, wote ndani ya miaka tisa. Mtoto wa pili alizaliwa usiku ambao Canadiens walichukua Kombe la Stanley, kombe la ubingwa, kwa mara ya kwanza, Machi 1916, wakiifunga Portland Rosebuds. Wakamwita Marcel Stanley.

Vézina mwenyewe alizaliwa Chicoutimi, Quebec, Januari 1887, baba yake mwoka mikate. Februari 1910 Canadiens walifika kucheza mechi ya kirafiki na wakashindwa kumfunga. Aliyemwona na kumtaka ni Joseph Cattarinich, kipa wa Canadiens wakati huo, yaani mtu alimpisha mwenzake kwenye nafasi yake mwenyewe. Nje ya msimu Vézina aliendesha kiwanda cha kutengeneza ngozi mjini kwao.

Ile mechi ya 328 dhidi ya Pittsburgh aliianza akiwa na homa ya nyuzi 39. Kipindi cha kwanza hakufungwa. Mapumziko akatapika damu, akarudi, akaanguka langoni. Kilikuwa kifua kikuu, na dawa ya kukitibu haikuwepo hadi miaka ya 1940. Alifariki Chicoutimi tarehe 27 Machi 1926, akiwa na miaka 39.

Mwamba_wa_Lango ameuliza:

Asanteni sana. Basi washindi wote wa tuzo hiyo naweza kuwalinganisha moja kwa moja?

Hesabu_za_Barafu amejibu:

Hapana. Tangu 1926-27 hadi 1980-81 ilikwenda kwa kipa wa timu iliyofungwa mabao machache zaidi, na Hainsworth aliichukua mara tatu za kwanza. Kuanzia 1981-82 mameneja wakuu wa timu humpigia kura kipa bora, na kigezo cha mabao machache kikahamia tuzo ya William M. Jennings. Ukitengeneza jedwali, kata mstari hapo 1981, na washindi wa zamani uwaweke safu moja na wa Jennings.