Desemba na watoto: kuangalia samaki kwa miwani, Toten au Maziwe?

MamaWawili_Dom
Habarini wana Tanga. Likizo ya Desemba tunakwenda kwa wakwe zangu Chumbageni. Watoto wangu, wa kiume miaka 13 na wa kike 9, wameng'ang'ania wavae miwani na mrija waone samaki chini. Kuogelea wanajua, ila wamefundishwa bwawani, bahari hawajaizoea. Shemeji anasema tusihangaike, kisiwa cha Toten kipo pale mbele ya bandari. Wengine wananiambia Maziwe, kule Pangani. Na huyu wa kiume kasoma habari za silikanti, yule samaki wa kale wa Tanga, kila siku ananiuliza kama atamwona. Tuna Jumamosi moja tu. Niende wapi, na mwenye boti nimuulize nini kabla sijatoa hela?

MtotoWaRaskazone
Karibu nyumbani dada. Toten nenda mkaone magofu ya misikiti na makaburi ya kale, patawafaa sana. Kwa samaki hapana. Ghuba yetu ina mikoko na tope, ukizamisha uso huoni mbali. Silikanti mweleze kijana vizuri: yule anakaa kwenye giza, huku kwetu makumi ya mita kwenda chini. Wavuvi wa Tanga walianza kumnasa kwenye nyavu zao mwaka 2003, na hifadhi yake ikatangazwa 2009. Kwa miwani na mrija hafikiwi.

Nahodha_Ushongo
Dada yangu, mahali ni Maziwe, hilo halina mjadala. Kazi ipo kwenye siku, na hiyo Jumamosi yako inanitia wasiwasi. Tazama mwezi kwanza.

Maziwe sasa ni fungu la mchanga, bamvua, yaani maji makubwa, likijaa linafunikwa lote. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huku kwetu maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi hivi. Hizo ndizo siku zako. Mnatoka Ushongo, pwani ya kusini mwa Pangani, mapema bahari haijachafuka, mnafika fungu likiwa linatoka nje. Kila siku inayofuata maji yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo hata siku mbili baadaye bado ni nzuri. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: saa nne hiyohiyo ndiyo yamejaa, na mtoto wa miaka 9 akichoka hana fungu kubwa la kukimbilia.

Bamvua nalo lina mkondo, maana maji yanashuka mita tatu na zaidi kwa saa sita. Subirini yafike mwisho wa kupwa. Hapo husimama kidogo kabla ya kugeuka, ndipo watoto waingie. Desemba inavuma kaskazi, basi waogelee kusini magharibi mwa fungu, ndiko kwenye kivuli cha upepo. Wasikanyage matumbawe hata kidogo. Mwambao wetu umeumizwa vya kutosha na baruti, kuna miamba imebaki kifusi, na hili lililobaki ndilo tunalolitegemea sisi na samaki. Mwambie binti akizamisha kichwa atulie asikilize. Pono akitafuna mwamba unamsikia kabisa, krr, krr.

Mwenye boti muulize swali moja kwanza: siku hiyo maji yanapwa saa ngapi? Akijibu "saa yoyote tu twende", tafuta mwingine. Halafu jaketi la saizi ya mtoto ulione kwa macho yako, si la mtu mzima la kukazwa kamba. Maziwe ni eneo tengefu, hifadhi ya bahari, basi uliza kama kiingilio chake kimo kwenye bei. Na lazima abaki mtu botini anayewatazama nyie mkiwa majini.

BintiPangani
Nahodha kamaliza, naongeza ya wanawake. Kama unavaa ushungi, ukingo wake usipite chini ya mpira wa miwani, maji yataingia tu. Vaa ule wa kuogelea unaobana, miwani ikae kwenye ngozi. Ya watoto wajaribu nchi kavu: aiweke usoni bila mkanda, avute pumzi kwa pua. Isipong'ang'ania, haimfai.

Kivuli hakuna Maziwe. Wazee wanaikumbuka ikiwa na mivinje, lakini bahari imekula kisiwa na miti yote imekwenda. Hata mayai ya kasa yalibidi yahamishiwe Ushongo yasizame. Chukua turubai, na watoto wavae mikono mirefu, mgongo unaungua wakati wao wanaangalia chini.

MamaWawili_Dom
Ahsanteni mno. Nimefungua kalenda, Jumamosi yetu imeangukia maji mafu kabisa. Baba watoto ataomba ruhusa kazini, tuhamie Jumanne ya bamvua. Tukitoka Tanga mjini alfajiri tutawahi?

Nahodha_Ushongo
Msijitese, laleni Ushongo Jumatatu. Mkitoka mjini, mpaka mfike Pangani na mvuke mto, watoto watakuwa wamechoka na maji yameanza kurudi. Niandikie tarehe hapa nikutazamie saa kamili ya kupwa.