Nembo ya mwanamke imefutwa kwenye sinia la fedha la mwaka 1763, nami nikauziwa kama "mchoro wa asili"

Ndugu zangu, hili nimeshindwa kulinyamazia. Mwezi uliopita nilinunua hapa Uingereza, kwa muuzaji wa vitu vya kale, sinia la fedha la mezani lenye kidau cha wino, kikopo chenye matundu cha mchanga wa kukaushia maandishi na kengele ndogo katikati, na risiti ikaandikwa waziwazi kwamba ni kazi ya London ya mwaka 1763 na kwamba nembo ya ukoo iliyochorwa juu yake ni ya wakati huohuo. Si kweli.

Mihuri iliyogongwa chini ya sinia, ya kuonyesha mji, mwaka na ubora wa fedha, sina ugomvi nayo. Kichwa cha chui chenye taji kipo, herufi ya mwaka ipo, na yupo simba anayetembea, ambaye amekuwa akigongwa tangu 1544 kuthibitisha ubora wa fedha, sehemu 925 kati ya 1,000. Lakini simba huyo hushuhudia madini tu. Juu ya nembo hasemi lolote, na hapo ndipo muuzaji alipojificha.

Nilipitisha ukucha juu ya mchoro, ukakwama. Mchoro uliosuguliwa kwa vitambaa zaidi ya miaka 250 huwa umelainika kingo, huu unakwaruza. Nikabonyeza kwa kidole gumba, fedha ikabonyea mahali hapohapo tu, maana ilikwanguliwa ikawa nyembamba. Kisha nikaipulizia pumzi, kama wafanyavyo wanunuzi wazoefu, na katika ule ukungu ikajitokeza kwa sekunde chache nembo nyingine, yenye umbo la almasi. Kwa desturi ya Waingereza, umbo hilo ni la mwanamke asiyeolewa au mjane. Alikuwepo, basi, mwanamke aliyechovya kalamu yake humo. Wamemfuta, wakachora ngao ya mwanamume na kofia ya chuma juu yake.

Na aliyefanya hivyo hakujua hata kazi yenyewe. Kwenye fedha, rangi za nembo huonyeshwa kwa mistari: ya wima ni nyekundu, ya mlalo ni bluu, na vitone ni dhahabu. Kwenye ngao hii mnyama na uwanja aliosimama vyote vina mistari ya wima, yaani mwekundu juu ya wekundu, jambo ambalo kanuni za nembo hulikataza.

Nilipompigia simu, muuzaji alinijibu kwamba mchoro ni pambo tu, thamani iko kwenye fedha. Ningetaka fedha ya kupimwa kwa mizani ningekwenda kwa sonara, na bei aliyonitoza haikuwa ya mizani. Nataka pesa zangu zote, pamoja na gharama za usafirishaji, na nataka maneno "nembo ya asili" yaondolewe kwenye matangazo yake, kwa sababu asubuhi ya leo ameweka sokoni vidau vingine viwili, na ngao zake zina kofia ileile.