Mihadhara ya wazi Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala: mtu asiye mwanafunzi huingiaje?

Mshonaji wa Kisenyi:
Habari zenu, ndugu. Mimi ni fundi cherehani, shule niliishia kidato cha nne, lakini historia naipenda mno. Nasikia Makerere kuna mihadhara ya wazi. Je, wanadai kitambulisho cha mwanafunzi?

Jirani wa Wandegeya:
Kaka, karibu sana. Tangazo likisema ni wa wazi, basi ni wako pia. Chukua teksi hadi Wandegeya, kisha upande kilima kwa miguu. Getini askari hukagua mifuko, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa. Ukifika mapema utaliona Jengo Kuu, lile lililoungua Septemba 2020 na kujengwa upya.

Usiondoke kabla ya maswali, tafadhali! Mimi huendea hayo hasa. Niliwahi kumwona mzee aliyefanya kazi relini akisimama kueleza jinsi njia ya Kasese ilivyojengwa miaka ya 1950. Profesa akanyamaza, akatoa kalamu, akaanza kuandika. Watu kama huyo mzee ndio wanaokosekana ukumbini, na wewe unahitajika vilevile.

Mama Kamwokya:
Pia pita Makumbusho ya Uganda, Barabara ya Kira. Mle ndani mna maktaba ya Uganda Society, chama cha wapenda elimu, wale wa jarida la Uganda Journal lililoanza 1934.

Mshonaji wa Kisenyi:
Asanteni. Na lugha? Kiingereza changu kizito.

Jirani wa Wandegeya:
Mihadhara mingi ni Kiingereza. Kaa mbele, usikie vizuri. Swali likikushinda, liandike kabla.